Samurai asiye na stakabadhi: Ghost of Tsushima kwa macho ya karani wa stoo

Niliingia jeshini nikitarajia bunduki, nikapewa leja. Miaka kumi na moja kazi yangu ikawa kuhesabu: blanketi, mahema, madumu ya mafuta, viatu vya kulia visivyolingana na vya kushoto. Hakuna kitu kilichotoka stoo bila saini, wala kilichoingia bila karatasi ya kueleza kimetoka wapi. Nayasema haya mapema ili mjue anayewaandikia ni mtu wa namna gani. Nilipomaliza Ghost of Tsushima vijana wote walitaka kuniuliza habari za mapanga, na mimi nilikuwa na maneno kuhusu vitambaa.

Gemu si yangu, ni ya mpwa wangu. Nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa goti, sina pa kwenda, akanitupia pedi mapajani akasema, "Mjomba, hii utaipenda, ina mambo ya jeshi." Ni kazi ya studio ya Sucker Punch, ilitoka Julai 2020 kwenye PlayStation 4. Sisi tuna toleo la Director's Cut la mwaka 2021, lililoongezewa kisiwa cha Iki.

Hadithi inaanza mwaka 1274, Wamongolia wakishuka kwenye ufuo wa Komoda, kisiwani Tsushima, Japani, katikati ya Korea na kisiwa cha Kyushu. Hilo lilitokea kweli. Aliyewakabili katika historia ni Sō Sukekuni, akiwa na wapanda farasi kama 80, akafia papo hapo. Gemu imebadilisha majina lakini samurai 80 wamebaki, na wamesimama juu ya kilima wakitazama jeshi lililojaza ufuo mzima.

Mmoja wao, bwana Adachi, anashuka peke yake na farasi. Anajitangaza kwa jina na kutaka mtu mmoja wa kupambana naye, maana ndivyo alivyofundishwa kwamba vita huanza. Khotun Khan, kiongozi wa Wamongolia, anamsogelea taratibu, anamwagia kileo usoni, anamchoma kwa mwenge, kisha anamkata kichwa akiwa bado anawaka. Mpwa wangu alicheka kwa mshtuko. Mimi niliiweka pedi chini kwanza. Katika dakika hizo chache gemu imeshatandika swali lake mezani: ukipigana na mtu asiyejali taratibu zako, utazishika mpaka lini?

Anayebebeshwa swali hilo ni Jin Sakai, kijana aliyelelewa na mjomba wake, bwana Shimura, kaka wa mama yake. (Hapo mpwa wangu alinitazama kwa jicho la pembeni.) Mjomba anasema adui anakabiliwa uso kwa uso, na ukimtoa mtu roho umtazame machoni. Jin, aliyeokotwa nusu mfu na mwizi mmoja aitwaye Yuna, anaanza kuua kwa kunyemelea. Mara ya kwanza anapomchoma Mmongolia kwa nyuma, gemu inamrudisha utotoni akimsikia mjomba akimfundisha kinyume chake. Imefanywa vizuri mno. Nilijisikia na hatia kwa kubonyeza kitufe.

Upande wa mapigano sina la kulaumu. Kuna pambano la ana kwa ana: unawaita maadui, unashikilia kitufe cha pembetatu, unamngoja wa kwanza akurukie, unaachia. Ukiachia mapema umekwisha, na wanajua kukuhadaa, anatikisa bega kama anakuja, kumbe haji. Kuna mikao minne ya upanga: wa jiwe kwa wenye panga, wa maji kwa wenye ngao, wa upepo kwa wenye mikuki, wa mwezi kwa yale majitu makubwa. Ramani haikuwekei mshale wa kukuonyesha njia. Unapapasa kile kibao cha katikati ya pedi, upepo unavuma kuelekea unakokwenda, nyasi zote zinalala upande huo. Nilipoteza jioni nzima nikifuata nyasi tu. Kambi za Wamongolia, kwa upande mwingine, zinajirudia hadi zinachosha. Ukishasafisha kumi umezisafisha zote.

Sasa vitambaa.

Kijiji cha tatu au cha nne hivi nilichoingia, nilipanda kwenye nyumba ya mkulima. Mlango wazi, jiko la moto katikati, mkeka. Mama mwenye nyumba ameketi hatua tatu kutoka kwangu. Ukutani kuna fungu la kitani linang'aa kidogo, kama vitu vyote vya kuokota humu ndani. Skrini ikaniambia nibonyeze kitufe cha R2. Nikabonyeza. Kitani kikaenda mfukoni mwa Jin, namba pembeni ya skrini ikapanda. Nikageuka kumtazama yule mama. Hakusema kitu. Nikachukua na ngozi iliyokuwa mlangoni. Hakusema kitu vilevile.

Nikamuuliza kijana, "Hivi vitu ni vya nani?"

"Vyako, Mjomba. Unaboreshea deraya."

"Kabla sijavichukua vilikuwa vya nani?"

Hakunijibu, akanitazama kama mtu anayekumbuka kwamba mgonjwa bado anakunywa dawa za maumivu.

Hapo ndipo ugomvi wangu na gemu hii ulipo, nayo ni gemu ninayoipenda. Kwa saa nyingi mjomba na mpwa wanabishana kama ni aibu kumchoma adui kisu cha mgongo. Lakini yule Mmongolia ana silaha, amekuja kuua, anajua kazi yake. Kumtokea mbele au nyuma ni ubishi wa mafundi wawili. Mpiganaji mwenye murua hatengani na mporaji hapo. Wanatengana kwenye mlango wa mtu asiye na upanga, mwenye kitani kimoja, asiyeweza kukuzuia. Na kwenye mlango huo Jin Sakai, mwenye deraya ya ukoo na mashairi mafupi ya kutunga kando ya maji, anaingia na kuchukua kama Wamongolia wa ufuoni walivyochukua.

Msidhani naleta ukorofi wa kizee. Sheria za vita zimelishughulikia jambo hili mpaka kwenye karatasi. Kanuni za Hague za mwaka 1907 zinakataza uporaji moja kwa moja, hata wa mji uliotekwa kwa nguvu. Kisha kifungu cha 52 kinasema jeshi likihitaji vitu kwa wenyeji, liagize kwa idhini ya kamanda wa eneo, lichukue kwa kadiri ya uwezo wa nchi, lilipe taslimu inapowezekana, na isipowezekana liandike stakabadhi. Stakabadhi! Tulipofundishwa kifungu hicho wenzangu walisinzia, mimi ndiye niliyekaa wima. Kumbe kazi yangu ya kuandika karatasi za nakala tatu ilikuwa mpaka baina ya jeshi na genge. Anayekupa karatasi anakiri kwamba kitu ni chako na kwamba kuna siku ya kuulizana.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba waliotengeneza gemu hii wanaujua mpaka huo. Ndani yake kuna madhabahu ya zawadi. Ukishawasaidia watu, wao wenyewe wanakuwekea vitu pale, wewe unapita kuvichukua. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi kweli, kitu kimetolewa kwa hiari na mwenyewe. Kisha nikageuka nyuma, nyumba iliyo karibu na madhabahu ina chuma kinang'aa dirishani. R2.

Mtu atasema walichokosa waporaji ni nidhamu. Sivyo. Hao Wamongolia walikuwa na nidhamu ya kupora kuliko majeshi mengi ya zama zao. Mwaka 1202, kabla ya kuwapiga Watatari, Temujin, ambaye baadaye tulimjua kama Genghis Khan, aliamuru mtu yeyote asisimame kuokota nyara mpaka ushindi ukamilike, na ngawira igawanywe baadaye. Jamaa zake watatu wakavunja amri, akawanyang'anya walichochukua. Stoo safi kabisa ile, ila mali ni ya watu. Hata leja yangu ingeweza kuandika wizi kwa hati nzuri.

Na samurai nao hawakuwa malaika wa kupigania jina tu. Takezaki Suenaga alipigana na Wamongolia mwaka huohuo wa 1274, kisha akafunga safari ndefu hadi Kamakura, makao ya serikali ya samurai wakati huo, kudai malipo yake kwa kuwa mstari wa mbele, na baadaye akachorewa picha za vita hivyo, ambazo zipo mpaka leo. Shida ya serikali ya Kamakura ilikuwa kwamba vita vya kujilinda havileti ardhi mpya ya kugawia watu. Wapiganaji walinung'unika kwa miaka, na manung'uniko hayo ni sehemu ya yaliyoiangusha serikali hiyo mwaka 1333. Heshima nayo hula.

Gemu inalijua hilo kupitia Ryuzo, rafiki wa utoto wa Jin, kiongozi wa kundi la ronin, yaani samurai wasio na bwana. Watu wake wana njaa. Anaomba chakula, anaahidiwa, anangoja, mwishowe anakwenda kwa Khan, kwa sababu kwa Khan kuna chakula. Mwenye njaa hana miiko. Vijana wengi wanamchukia Ryuzo. Mimi nilimwona kama faili ninayoifahamu: kikosi kisichopelekewa posho kitajipelekea chenyewe, na kitaanzia nyumba ya karibu. Sehemu hiyo ya hadithi ni bora kuliko mabishano yote ya kisu cha mgongo.

Iki nayo ni bora. Huko Jin anakuta wenyeji wakimkumbuka marehemu baba yake, samurai aliyeheshimiwa nyumbani, kwa jina la mchinjaji. Tsushima wanasema alikwenda kutuliza kisiwa. Iki wanakumbuka nani aliuawa na wapi. Gemu inakuacha utembee na jina hilo la ukoo katikati ya watu hao, hupewi njia rahisi ya kulivua. Nilinyamaza kwa saa kadhaa, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Kuhusu sumu sitasema sana, nisiwaharibie. Jin anafika mahali anaona ni halali kuwatilia sumu adui kwenye kinywaji chao. Inafanya kazi. Baadaye maadui wanajifunza kuitengeneza, na wanaoinywa si askari tena. Mjomba Shimura, kwa ukaidi wake wote, hapo alikuwa na hoja.

Kijana alinionyesha gemu nyingine ya mwaka huohuo wa 2020, Assassin's Creed Valhalla, ya mabaharia wa kaskazini wanaovamia Uingereza. Humo unapuliza pembe, watu wako wanashuka kwenye mashua, mnavunja nyumba ya watawa, mnabeba makasha mazito ya mali ya kujengea kijiji chenu. Lakini ukimuua raia inakuonya kwamba shujaa huyu hakuua raia, ukiendelea inakurudisha nyuma. Yaani kuchoma paa lake sawa, kubeba kasha lake sawa, mradi yeye awe hai akitazama. Angalau haijiiti gemu ya heshima.

Ghost of Tsushima naipa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye nyumba ya yule mama.

Nimeianza upya, goti likiwa limepona nusu. Safari hii nachukua vitu kwenye kambi za Wamongolia, mianzi ya porini, ngozi za dubu niliyemuua mwenyewe, na kilichowekwa madhabahuni. Nyumba za watu siokoti kitu. Matokeo yake deraya yangu ni nyonge, nafa mara mbili zaidi ya mpwa wangu, na lile pambano la ufuoni nimelirudia mpaka nimechoka. Jana alikuja akanikuta nimesimama ndani ya nyumba moja, kitani kinang'aa mbele yangu, mzee kaketi kwenye mkeka.

"Mjomba, bonyeza basi. Unakwama kwa sababu hiyo tu."

Nikamwinamia yule mzee, maana pedi inaruhusu kuinama, nikatoka nje nikamwita farasi.