Nililipia mkilua, nikapewa mstafeli

Jamani mnaonunua miche someni hapa kwanza, bado nina hasira mtanisamehe.

Mwaka juzi hivi, hela ya korosho bado inawasha mfukoni, nikapita kwenye kitalu kimoja hapa Mtwara nikaulizia mkilua. Marehemu bibi yangu kule Mikindani alikuwa nao nyuma ya nyumba, jioni ukifungua tu mlango wa uani harufu inakupokea kabla hujavaa ndala, na vilua vyenyewe, yaani maua yake, alitia kitandani, vingine kwenye kikuba, kile kishada cha maua cha kujipambia, pamoja na asumini na rehani. Jamaa akajibu chap, "Upo dada, umebaki huu mmoja." Elfu ishirini! Viriba vingine pale elfu mbili, elfu tatu. Nikalipa.

Nikaupanda chini ya mwembe maana mkilua ni mti wa kivulini, kwao ni misitu ya pwani, ya kwetu huku na ya Kenya, unakaa chini ya miti mikubwa. Samadi nikaweka, maji yakikatika naununulia madumu, mume wangu ananicheka. Ukanawiri kweli, hapo sisemi uongo.

Shangazi akaja Idi. Hata hajakaa, akachuma jani, akalifikicha, akaniwekea puani. "Mwanangu, huu mstafeli."

Sasa tuseme haki, mkilua na mstafeli ni ukoo mmoja, majani yao ukiwa mche bado yanaweza kukuchanganya. Kwa hilo ningemsamehe. Nikaenda na jani langu mkononi, kwa adabu kabisa, kaka habari za kazi. Yuko kwenye ndoo aliyoigeuza kiti, anakula muhogo, hakuinuka, akaliangalia lile jani akasema, "Kwani dada, stafeli halinukii?" Wateja wawili wakacheka. Mmoja mpaka akashika ukuta.

Mkilua jina lake la kisayansi ni Mkilua fragrans, tangu 1970, yaani wataalamu wamechukua Kiswahili chetu kama kilivyo wakakiweka kwenye vitabu vyao, halafu wewe muuza miche wa Mtwara ndo huujui? Au unaujua sana, ndo maana elfu ishirini.

Nyota moja. Ila mndimu wa kubebesha niliochukua kwake siku ileile unazaa mpaka majirani wanagonga geti, basi mbili. Hapana, nikikumbuka yule aliyeshika ukuta narudi kwenye moja, na hiyo moja ni ya mndimu.

Juzi mstafeli umetoa ua la kwanza, nene kama ngozi, kijani kinachoelekea manjano. Nikainama kulinusa. Najua ni mstafeli, na bado nikainama.

Jioni yake jamaa kanitumia voisi: "Dada, safari hii mkilua wenyewe umefika." Nimemtukana moyoni matusi yote ninayoyajua. Halafu nikamwandikia, bei gani?