Pawa saplai ya kompyuta yenye kadi mbili za grafiki: ipi ununue kwanza, ipi uikimbie

Watu wengi wakinunua RTX 3090 mbili za mtumba, iwe kwa kazi za Blender (programu ya kutengeneza picha za 3D) au kuendesha modeli za akili mnemba nyumbani, hela zote huishia kwenye kadi. Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawia mashine umeme, inanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Yalinikuta. Ya kwangu iliandikwa 1000W kwa herufi kubwa pembeni, na kila nikianza kurenda (kuzalisha picha ya mwisho), mashine inazima pap. Siku nilipoigeuza nikasoma stika yake, mstari wa +12V, ule unaolisha kadi na prosesa, ulisema ampea 50. Zidisha: 12 mara 50 ni wati 600. Pawa saplai ya kweli ya wati 1000 inaonyesha ampea 83 hivi kwenye mstari huo. Hiyo stika isome kabla hujatoa pesa.

Sasa hesabu. Kila 3090 ni wati 350, mbili 700. Prosesa kama Ryzen 9 5950X inafika 142, ongeza feni, diski na mazabodi, unakaribia 900. Tatizo ni kwamba 3090 haili umeme kwa upole: inashtuka, inavuta juu ya kiwango chake kwa muda mfupi mno. Zikishtuka zote mbili kwa pamoja, pawa saplai inajilinda kwa kuzima.

Nafasi ya kwanza naipa ya wati 1200 yenye kiwango cha ATX 3.0 au zaidi, kama Corsair HX1200i (toleo jipya, la zamani halina ATX 3.0) au be quiet! Straight Power 12. Kiwango hicho, kilichotoka 2022, kinadai pawa saplai kubwa ihimili mshtuko hata wa mara mbili ya wati zake kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Zote mbili zina waranti ya miaka 10.

Ya pili ni wati 1600: Seasonic Prime TX-1600 au Corsair AX1600i. Nzuri sana, lakini bei yake inauma, na kwa 3090 mbili hutaitumia yote. Nunua kama prosesa yako ni Threadripper, zile kubwa za AMD zinazokula umeme mwingi.

Ya tatu ni wati 1000 nzuri, kwa sharti ubane kadi. Amri `nvidia-smi -pl 280` inaishusha kila moja hadi wati 280, na kasi inapungua kidogo tu. Mfuko ukiwa mwembamba, ningeanzia hapa bila aibu.

Pawa saplai mbili ndogo zilizounganishwa pamoja naziweka mwisho. Zinafanya kazi, wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizitumia sana, ila ni nyaya juu ya nyaya. Zisizo na jina sizipangi kabisa.

Nyaya zenyewe: 3090 nyingi zina matundu mawili au matatu ya pini 8, na kila tundu ni wati 150. Kila tundu lipate waya wake kutoka kwenye pawa saplai, usitegemee ule wenye vichwa viwili. Na usichomeke waya wa pawa saplai nyingine hata kama unaingia vizuri; upande wa pawa saplai pini hupangwa tofauti, na unaweza kuunguza kadi zote mbili siku moja.

Kwa wenye umeme wa kukatika-katika: UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ya VA 650 haibebi mzigo huu, maana wati zake halisi ni chache kuliko namba hiyo ya VA. Ukienda dukani uliza wati, VA waachie wao.