Kuchagua kicheza muziki cha kuunganisha na amplifaya ya hedifoni: uzoefu wangu

Anayetafuta kicheza muziki cha mkononi kwa ajili ya kukiunganisha na amplifaya ya hedifoni atasomewa sifa nyingi dukani, na nyingi kati ya hizo hazimhusu. Muuzaji atamtajia nguvu ya kicheza kwa miliwati, atamhakikishia kwamba kinaendesha hedifoni nzito bila msaada wowote, na bei itapanda kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye amplifaya tayari anayo nguvu hiyo mezani kwake. Anachohitaji kwenye kicheza ni muziki safi unaotoka kwa kiwango kisichobadilika, nafasi ya kutosha ya kuhifadhi nyimbo, na vitufe ambavyo kidole kinavipata hata gizani. Kwa kigezo hicho nimetumia Sansa Clip+, iPod ya kizazi cha tano na FiiO X1, zote kwa amplifaya moja na hedifoni moja, na ninayoitumia hadi leo ni FiiO X1.

Hedifoni yangu ni Sennheiser HD 600, ambayo ukinzani wake ni omu 300, na kwa hiyo inataka volti nyingi kuliko zile ambazo simu ya kawaida inaweza kutoa. Amplifaya ni ile inayojulikana kwa jina la O2, iliyobuniwa na mhandisi aliyeficha jina lake halisi na kujiita NwAvGuy, ambaye mwaka 2011 aliiweka ramani yake wazi ili anayetaka aijenge. Hutumia betri mbili za volti 9 za kuchajiwa, jambo linalofaa sana umeme ukikatika usiku, au adapta ya ukutani. Adapta hiyo lazima itoe mkondo geu (AC), wakati karibu kila adapta utakayoikuta ikining'inia kwenye maduka ya Kariakoo hutoa mkondo mnyoofu (DC), kwa hiyo soma maandishi yaliyo mgongoni mwake kabla ya kulipa.

Nianze na suala la tundu, kwa sababu ndilo linalotenganisha vicheza hivi zaidi ya jambo lingine lolote. Tundu la kawaida la hedifoni hutoa muziki uliokwisha kupita kwenye amplifaya ndogo ya kicheza chenyewe, na kiwango chake hupanda na kushuka kadiri unavyoongeza au kupunguza sauti. Tundu la laini (line out) huiruka hatua hiyo: muziki hutoka kwa kiwango kimoja wakati wote, na kazi yote ya sauti unaiachia amplifaya ya nje. Wapo wanaoshikilia kwamba kupitisha muziki kwenye amplifaya mbili mfululizo ni kuuharibu. Masikio yangu hayakubaliani nao kikamilifu, kwa sababu kicheza kilichotengenezwa vizuri hakiharibu kitu kinachosikika, na tofauti niliyoipata baina ya tundu moja na jingine ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya rekodi nzuri na rekodi mbaya. Faida kubwa ya tundu la laini ni kwamba kirekebisha sauti kinakuwa kimoja tu, kile cha amplifaya, na huna haja ya kujiuliza kila mara kama mvumo unaousikia umetokana na kicheza kilichowekwa chini mno.

Sansa Clip+ haina tundu la laini. Ni kidude chepesi kisichozidi ukubwa wa kiberiti, kilichotoka mwaka 2009, na huyo NwAvGuy mwenyewe alikipima na kukisifu. Kwenye O2 nilikiweka karibu na kiwango chake cha juu cha sauti, kisha nikarekebisha kwa amplifaya, na muziki ulitoka safi kabisa. Kwa mwenye bajeti ndogo nakipendekeza bila kusita. Kilichonishinda ni skrini yake, ambayo huonyesha mistari michache tu ya maandishi, kiasi kwamba kutafuta msanii mmoja kati ya mamia ni kazi ya kubonyeza mpaka kidole kichoke. Kadi ya kumbukumbu inayotambuliwa rasmi pia haizidi GB 32. Programu huria ya Rockbox huongeza uwezo wake kwa mambo mengi, lakini skrini haiwezi kuikuza.

Kwenye iPod nilikaa kwa raha zaidi. Kizazi hicho kilitoka mwaka 2005, na tundu pana la chini lenye pini 30 hutoa muziki wa kiwango kisichobadilika, mradi uwe na waya maalumu unaochomoa muziki hapo na kuupeleka kwenye jeki ya milimita 3.5. Gurudumu lake la kugusa sijapata mfano wake: unapitia maktaba nzima kwa kuzungusha kidole gumba mara chache. Kwa programu yake ya asili haisomi faili za FLAC, yaani muziki uliobanwa bila kupoteza chochote, hivyo ama uzibadilishe ziwe ALAC, ambayo nayo haipotezi chochote cha muziki, ama uweke Rockbox kama nilivyofanya mimi. Usumbufu ulikuwa kwenye waya. Nilioununua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ulianza kukata upande wa kushoto kila ulipoguswa, na plagi ya chini hutokeza kiasi kwamba kifaa hakikai vizuri mkobani wala mezani. Isitoshe, diski yake ni ya kuzunguka, na betri ya umri huo haiwezi kutegemewa bila kubadilishwa. Mwenye fundi anayemwamini, anayeweza kuifungua na kuweka kadi mahali pa diski, bado atapata chombo kizuri sana.

FiiO X1, iliyotoka mwaka 2014, ina tundu moja tu la hedifoni, ila kwenye mipangilio unaweza kuligeuza liwe tundu la laini. Ukishaligeuza, vitufe vya sauti havifanyi kazi tena na muziki hutoka kwa kiwango chake cha juu kabisa. Hapo kuna hatari ambayo lazima niitaje: ukisahau kurudisha mpangilio na kuchomeka spika ndogo za masikioni moja kwa moja, utapokea sauti ya juu kabisa bila onyo. Mimi nimeamua kisirudi kamwe kwenye mpangilio wa hedifoni. Ndugu yake, X3 ya kizazi cha pili, ina matundu mawili tofauti na chipu ya kiwango cha juu zaidi ya kugeuza data ya muziki kuwa sauti, CS4398, na nilipoisikiliza kupitia O2 hiyo hiyo sikupata sababu ya kuongeza fedha.

Ipo hesabu moja ambayo ni muhimu kuliko jina la chipu. O2 ya kawaida ina kitufe cha kuchagua ukuzaji wa mara 2.5 au mara 6.5, na ukuzaji huo hufanyika kabla ya kirekebisha sauti. Amplifaya yenyewe, ikiwa kwenye umeme wa ukutani, haiwezi kutoa zaidi ya takribani volti 7. Kicheza kinachotoa volti 2, ambacho ndicho kiwango cha deki nyingi za CD, kikikuzwa mara 6.5 kingetaka volti 13 ambazo hazipo, na matokeo yake ni sauti iliyopasuka ambayo haiponi hata ukipunguza sauti hadi chini. Kwenye betri nafasi hiyo ni finyu zaidi. Kwa HD 600 ukuzaji wa mara 2.5 unanitosha na kubaki, na hapo kitufe kimekaa.

Muziki ninaousikiliza zaidi ni taarabu ya zamani ya Unguja, na huo ni mtihani mkali kwa vifaa vya aina hii. Nyuzi za kanuni, ile ala ya kudonoa, zinapodonolewa chini ya fidla nyingi, kicheza hafifu huzichanganya zikawa kitu kimoja. Kwenye X1 nazisikia zikianza na kuisha kila moja peke yake, huku pumzi za akodioni zikiwa nyuma yake. Jambo jingine ni mapengo. Rekodi za jukwaani mara nyingi hukatwa vipande, bashrafu (kipande cha ala cha kufungulia) ikiwa faili moja na wimbo unaofuata faili nyingine, na kicheza kinachonyamaza kidogo baina ya faili hukata makofi ya watu katikati. X1 hupita hapo bila kukwama. Kuhusu nafasi, muziki wa CD usiobanwa huchukua karibu MB 10 kwa dakika, na FLAC huupunguza hadi kati ya nusu na theluthi mbili, hivyo wimbo wa dakika 15 hufikia MB 75 hadi 100. Kadi ya GB 128, ambayo X1 huikubali, inabeba nyimbo za urefu huo zaidi ya elfu moja.

Simu nayo sikuiacha nje ya hesabu, kwani adapta ndogo ya USB-C ya Apple hutoa hadi volti 1, ingawa kwenye simu nyingi za Android hutoa chini ya hapo. Niliikataa kwa sababu simu ikiwa kwenye mtandao wa 2G karibu na amplifaya huingiza ule mlio wa "di-di-di" kabla haijaita, na hakuna kitu kinachoudhi kama huo katikati ya wimbo.

X1 haitengenezwi tena, kwa hiyo utaipata kwa mkono wa pili. Nenda na hedifoni na kadi yako mwenyewe, iliyokwisha kupimwa kwa kompyuta, maana kadi zinazoandikwa GB 128 na kubeba robo yake zimejaa sokoni. Zungusha gurudumu pande zote mbili uone kama linaruka majina, tikisa jeki ndani ya tundu huku wimbo ukicheza, kisha geuza mpangilio uwe wa laini na usikilize kupitia amplifaya yako kabla ya kutoa fedha.