Huduma ya Kupima Kasoro za Kurithi kwa Ng'ombe wa Maziwa: Maoni ya Mfugaji wa Ganda, Malindi

Mwaka jana nilituma singa za mikia ya ng'ombe wangu watano kutoka Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, hadi maabara moja ya Nairobi inayopima kasoro za kurithi. Kabla ya kulipa nilitafuta maelezo ya mfugaji yeyote wa Pwani aliyewahi kuitumia huduma hii nisiyapate, kwa hiyo nayaandika yangu.

Aliyenisukuma ni Johari, chotara wa Friziani mwenye maziwa mengi kuliko wenzake wote bandani. Mara mbili alihimilishwa, mara mbili daktari wa mifugo akampapasa baada ya miezi miwili na kuthibitisha kuwa ana mimba, na mara zote mbili akarudi kwenye joto, yaani kutaka dume tena, kabla ya mwezi wa tano. Kwetu mimba ikitoka ugonjwa wa kwanza kushukiwa ni brusela, na ndivyo inavyopasa, kwani humwambukiza hata anayekamua. Damu ikapimwa na majibu yakaonyesha hana. Ndipo daktari aliponiuliza nilitumia mbegu ya fahali gani, nikamwonyesha mirija mitupu niliyoiweka: alikuwa fahali yule yule mara zote mbili.

Kasoro nyingi za aina hii hujificha. Ng'ombe aliyerithi jeni mbovu kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, hukua na kukamuliwa kama kawaida, lakini akipandishwa na fahali anayebeba jeni ile ile, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kurithi ubovu kutoka pande zote mbili. Katika kasoro iitwayo HH1 kijusi cha namna hiyo hakifiki kuzaliwa. Chanzo chake ni fahali wa Marekani, Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962 na kusifika kwa maziwa ya binti zake, ambao walifikia takriban 16,000. Wajukuu wake wa kike walikaribia 500,000, na mbegu za uzao wake zikasambaa duniani miongo mingi kabla ya mtu yeyote kuitambua kasoro hiyo, mwaka 2011. Fahali mwingine wa Marekani, Carlin-M Ivanhoe Bell, alieneza mbili kwa pamoja: BLAD, ambayo humnyima ndama kinga akafa kwa maambukizo yasiyokoma, na CVM, ambayo hupinda uti wa mgongo wa kijusi, mimba ikatoka au ndama akazaliwa mfu. Anayedhani mambo haya ni ya Ulaya na Marekani peke yake akumbuke kwamba Ufriziani wa ng'ombe zetu ulitoka huko huko.

Kuchukua sampuli ni kazi nyepesi. Hung'olewa singa thelathini hivi kutoka kwenye kishungi cha mkia, na lazima zitoke na mizizi yake, kwa kuwa vinasaba vinavyopimwa vimo kwenye mzizi. Singa zilizokatwa kwa mkasi hazifai. Kwa unyevu wa Malindi nashauri mkia uoshwe, uachwe ukauke kabisa, na singa zitiwe kwenye bahasha ya karatasi badala ya mfuko wa plastiki. Sikuyajua haya mwanzoni, na sampuli moja ikaharibika. Maabara ilinitaka nirudie na kunitoza ada kamili mara ya pili, jambo ambalo naliona si haki, maana karatasi ya maelekezo haikutaja unyevu hata kwa neno moja.

Niliahidiwa majibu kwa wiki tatu, yakachukua saba. Kwa mfugaji anayesubiri kupandisha, wiki nne za ziada ni joto moja lililopita bure, na jingine karibu. Ripoti yenyewe ilikuwa sahihi na kamili, ila imejaa herufi ambazo hakuna aliyezieleza: TL ni ng'ombe aliyepimwa asionekane na BLAD, BL ni mbebaji wake, TV hana CVM, CV anaibeba, HH1C ni mbebaji wa HH1. Daktari ndiye aliyenisomea. Huduma inayouzwa kwa wafugaji wa Kenya ingepaswa kuwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili, na hili nimewaandikia.

Johari alikuwa HH1C. Tulipotazama katalogi ya mafahali wa mbegu, fahali niliyemtumia naye alikuwa hivyo hivyo. Uwezekano wa mimba zote mbili kupotea kwa HH1 ni robo ya robo, yaani moja kwa kumi na sita tu, kwa hiyo daktari hakuishia hapo, alikagua pia madini na lishe. Lakini sababu moja kubwa ya kutowakutanisha wawili wale ilikuwa imepatikana. Jirani alinishauri nimpeleke Johari kwa wachinjaji. Nilikataa na ningekataa tena, kwani mbebaji si mgonjwa. Anachohitaji ni fahali asiyebeba kasoro ile.

Je, pesa zangu zilikwenda mahali pake? Kwa Johari, ndiyo, bila shaka yoyote. Kwa chotara wangu wawili wenye damu nyingi ya Sahiwali nilitoa kama zaka, kwani kasoro zilizopimwa ni za Friziani, na kipimo hiki hakisemi lolote juu ya ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, wala uwezo wa kustahimili joto letu. Mwenye ng'ombe wachache na aanze na hatua isiyo na gharama: amwombe mhimilishaji katalogi, asome herufi zinazofuata jina la fahali, na aandike jina hilo kila anapopandisha. Kipimo akiweke kwa ng'ombe aliyepoteza mimba bila ugonjwa kuonekana, au mtamba anayekusudia kumfanya mama wa kundi.

Johari sasa ana mimba ya miezi saba, ya fahali aliyepimwa asionekane na HH1. Akizaa jike, singa zake nitazituma, maana nusu ya uwezekano ni kwamba ameirithi kwa mamake.