Redio ya ambulansi ya mtumba: uzoefu wangu wa miezi minne

Mzigo ulipofika nilishangaa uzito wake. Ni redio ya kubeba ya rangi ya chungwa, ina mkono kama wa simu ya mezani wenye waya wa kujikunja, swichi ya kuzungusha yenye namba 1 hadi 10, na pembeni matundu mawili: moja la antena, jingine la nyaya za ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo kinachochorwa kama mstari. Niliinunua kwa dola 90 kwa muuzaji wa vifaa vilivyotolewa kazini hapa Marekani. Nafanya kazi kwenye ambulansi mwaka wa 16 sasa, na nina leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kurusha kwa kujifurahisha tu, kwa hiyo niliitaka kwa moyo wote.

Tangazo lilisema inafanya kazi. Nilipofungua kifuniko cha betri nikakuta unga mweupe wenye ukijani umeota juu ya vibati. Betri zilikuwa za nikeli na kadimiamu, zilishavuja siku nyingi. Nilivisugua kwa siki na mswaki mkuukuu, nikapangusa kwa spiriti. Kibati kimoja kikakatikia mkononi, nikalazimika kutengeneza kingine na kukichomelea kwa risasi. Jioni mbili ziliishia hapo. Muuzaji nilipomwandikia hakujibu, na hilo limeniudhi kuliko kutu yenyewe, kwa sababu picha moja tu ya ndani ingetosha kunieleza ninachonunua.

Nilipoipa umeme wa mezani ikawaka. Siku tatu ikawa mvumo mtupu. Siku ya nne sauti ya mwanamke ikasema amepokea, ikakaa kimya, ikasema tena, ikakaa kimya. Nilikuwa nasikia nusu ya mazungumzo. Sababu iko kwenye namba zile 10, ambazo ni chaneli za MED, yaani zilizotengwa kwa mazungumzo ya ambulansi na hospitali, na kila moja ina masafa mawili. Kwenye MED 1, hospitali hurusha kwa megahezi 463.000 na ambulansi kwa 468.000. Ile nafasi ya megahezi 5 ndiyo iliyowezesha daktari na mhudumu kuongea na kusikilizana kwa wakati mmoja, kama kwenye simu. Kwa kuwa redio yangu ni ya upande wa ambulansi, inapokea hospitali peke yake, isipokuwa pale penye kituo cha kurudia mawimbi kinachozirusha sauti zote mbili. Niliyoyasikia siyasimulii, maana ni ya mgonjwa.

Sauti pia ilikuwa ya chini, hata nikidhani spika imechoka. Spika ni nzima. Redio hii ilitengenezwa kwa chaneli zenye upana wa kilohezi 25, na tangu Januari 1, 2013 watumiaji wa masafa haya Marekani walitakiwa wawe wamehamia kilohezi 12.5. Matangazo ya sasa ni membamba, kwa hiyo redio pana huyatoa kwa unyonge. Redio nyingi zisizoweza kubanwa zilitolewa kazini kwa sababu hiyohiyo, ndiyo maana tunaziona sokoni zikiwa bado na uhai.

Lakini lile tundu la ECG ndilo lililonilipa pesa yangu yote. Niliweka mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu ya redio, mahali pa antena ili mawimbi yasitoke nje, nikawasha skana, redio ya kusikilizia masafa mbalimbali, kando yake, kisha nikaunganisha kifaa cha mafunzo kinachoiga mapigo ya moyo. Ukatoka mlio mmoja mwembamba, na kila pigo likawa linausukuma juu na kuurudisha. Mstari wa moyo hauwezi kupita kwenye redio ya sauti, kwa hiyo waligeuza mstari kuwa mlio, na hospitali ikaugeuza mlio kuwa mstari tena juu ya karatasi. Daktari Eugene Nagel na wenzake kule Miami walituma ECG kwa redio mwaka 1967. Niliusikiliza mlio ule karibu nusu saa nikiwawazia wahudumu waliokuwa wamepiga magoti sakafuni, wakisubiri daktari asiyewaona aseme choma dawa.

Leo mashine yetu hutuma ECG ya njia 12 kupitia mtandao wa data, picha safi kabisa, na sitaki turudi nyuma. Kuna hata FirstNet, mtandao wa waokoaji ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012, unaowapa kipaumbele laini zinaposongamana. Hata hivyo, kabla hatujaanza kutumia vitu hivyo, usiku mmoja dhoruba ilikata umeme na simu zikawa hazishiki, nasi tuna mzee anayepumua kwa shida nyuma. Mwenzangu akageukia 155.340, masafa ya zamani ya kuitana na hospitali, na nesi akaitika mara ya pili. Tulipofika, oksijeni na kitanda vilikuwa mlangoni. Ninapoona kituo kinang'oa redio ya akiba ili kuokoa nafasi ukutani, roho inaniuma.

Ukitaka kununua, usinunue kwa ajili ya kurusha. Chaneli za MED ni za wenye leseni ya huduma hiyo, na nyingine za zamani hutumia kristali, yaani kila masafa yana kipande chake, hivyo huwezi kuihamishia bendi ya ridhaa kwa kubonyeza tu. Uliza pia eneo lako linatumia nini: kama limehamia mfumo wa kidijitali au limefunga mawasiliano kwa msimbo, hutasikia kitu. Na dai picha ya chumba cha betri kabla ya kulipa hata senti.

Yangu ilikuja bila chaja yake. Mwenye chaja ya aina hii iliyo nzima, hata kama nembo imefutika, aniambie.