Chembe sahani zilizoamka: hadubini ya elektroni au saitomita?

Chembe sahani ni vijichembe vya damu vinavyosaidia damu kuganda; hapa nalinganisha njia mbili za kuzichunguza zikiamka, yaani zikianza kazi hiyo. Kwa umbo, hadubini ya elektroni haina mpinzani. Chembe sahani iliyotulia ni kisahani cha maikromita 2 hadi 3. Ikiamshwa, hugeuka tufe na kuchomoza vijimkono. Hayo utayaona waziwazi. Ila sampuli lazima ihifadhiwe kwa kemikali ya glutaraldehaidi, ikaushwe, ipakwe metali: kazi ndefu kwa chembe chache.

Saitomita, mashine inayopitisha chembe moja moja mbele ya leza, hupima maelfu ya chembe upesi, kwa damu kidogo mno. Vijimkono haioni; hupima P-selektini, protini ya ndani iliyojitokeza juu ya utando chembe ilipoamka. Hapo pana mtego ninaoutilia mkazo: chembe zinazozunguka mwilini huweza kuipoteza protini hiyo, zikaonekana tulivu ilhali zilishaamka.

Gharama? Zote ghali na zinadai fundi, na saitomita hutaka kingamwili za kuitambua protini hiyo kila kipimo. Zote pia hupotoshwa na damu iliyochukuliwa kwa pupa, maana chembe huamkia sindanoni. EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, nayo hubadili umbo; afadhali sitrati, ya kazi hiyohiyo.

Mwenye wagonjwa wengi wa kisukari wa kufuatilia, saitomita itamfaa. Anayetaka kujua umbo linabadilikaje ashike hadubini, na akipata nafasi apime sampuli ileile kwa zote mbili.