Speedi-Beet kwa poni mzee asiyestahimili sukari: tathmini ya mlishaji

Kumlisha poni mzee mwenye ugonjwa wa Cushing, ambaye pia insulini yake hupanda kupita kiasi, ni kazi inayomvuta mtu huku na huku. Misuli ya mgongo na mapaja imepungua, meno yamekwisha makali, na mlishaji anatamani kumpa kitu cha kumrudishia nguvu. Lakini vyakula vingi vya kunenepesha farasi vinavyouzwa madukani vimejaa nafaka au molasi, na wanga na sukari hiyo ndiyo inayoweza kumlaza kwa maumivu ya kwato. Bidhaa ninayoitathmini hapa ni Speedi-Beet, yaani machicha ya viazisukari yasiyotiwa molasi, inayotengenezwa na British Horse Feeds huko Masham, North Yorkshire. Ninayemlisha ni Seren, poni jike wa Welsh Section A, yaani poni mdogo wa milima ya Wales, mwenye umri wa miaka 24 na uzito wa kilo 230 hivi, tuliye naye magharibi mwa Wales. Nawaandikia zaidi wenzangu wanaofanya kazi ya kutunza farasi huku Uingereza, ambao mara nyingi huachiwa poni wazee bila kuelezwa kwa nini ndoo ya huyu isichanganywe kamwe na ya yule.

Ni vigumu kuhukumu chakula hiki bila kuuelewa ugonjwa wenyewe. Katika ugonjwa wa Cushing wa farasi, ambao madaktari huuita PPID, sehemu ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hupoteza udhibiti wa dopamini, kemikali ya ubongo inayoituliza, na kumwaga homoni kupita kiasi, ikiwemo ACTH, ambayo ndiyo hupimwa kwenye damu. Huwapata hasa farasi waliovuka miaka 15. Dalili inayotambulika upesi ni manyoya marefu yasiyopukutika majira ya joto yanapofika, lakini misuli inayoyeyuka, kiu isiyo ya kawaida na vidonda visivyopona haraka nazo ni dalili. Tatizo la insulini ni jambo la pili, na si kila mwenye PPID analo. Poni wa asili ya milimani wako hatarini zaidi, kwa sababu miili yao ilizoea kuishi kwa majani haba ya milima, kisha sisi tukawaleta kwenye malisho yaliyopandwa kunenepesha ng'ombe. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walionyesha kwamba poni wenye afya waliotiwa insulini nyingi mfululizo walipata laminitisi, yaani kuharibika kwa tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato. Ndiyo maana sukari ya ndoo ya jioni si jambo la kupuuzwa: poni anaweza kushindwa kusimama kwa sababu ya alichokula.

Hapo ndipo machicha haya yanapopata thamani. Kiwandani, viazisukari vikishakamuliwa sukari, kinachobaki ni nyuzinyuzi laini zenye pektini nyingi. Hazigeuki kuwa glukosi ndani ya utumbo mwembamba kama shayiri inavyofanya. Huteremka hadi utumbo mpana, bakteria wakazichachusha taratibu, na mwili ukapata nguvu kwa njia isiyoiamsha insulini kwa kishindo. Kwa uzito uleule mkavu, nguvu yake ni zaidi ya ile ya nyasi kavu za kawaida na inakaribia ile ya nafaka ya oti. Mtengenezaji anasema asilimia 95 ya bidhaa haina sukari. Hesabu yake ni rahisi: kilo moja kavu ina gramu 50 hivi za sukari, na wanga wake ni mdogo sana. Nyasi kavu zenye sukari ya asilimia 15, ambazo si ajabu kuzikuta huku, huleta gramu 150 kwa kila kilo, wakati kiwango kinachoshauriwa kwa poni wa namna hii ni sukari na wanga kwa pamoja visizidi asilimia 10 hadi 12.

Kilichonifanya nichague Speedi-Beet badala ya machicha mengine ni muda wa kuloweka. Machicha ya punje ngumu huhitaji kulowekwa saa nyingi, aghalabu usiku kucha, na mtu akiyatoa kabla hayajalainika yanaweza kuvimba kooni na kumkaba mnyama. Speedi-Beet imepashwa kwa miale ya joto na kubanwa ikawa vipande bapa vya kijivu, hivyo hulainika kwa dakika 10 katika maji baridi, au dakika 5 katika maji ya vuguvugu. Kipimo ni kopo moja la machicha kwa makopo matano ya maji. Ndoo inayoonekana kuwa na kiganja tu cha vipande hujaa hadi nusu mbele ya macho yako, na ukiuchota mkononi uji huo mzito unaukuta umefura kama sponji, usio na kiini kikavu. Mimi huuminya hadi chini na pembeni mwa ndoo kila mara, hasa asubuhi za baridi kali, kwa sababu vipande vya chini vikigandamana pembeni vinaweza kubaki vikavu. Wakati wa joto nalowesha kiasi cha mlo mmoja tu, maana yakikaa hadi jioni huanza kuchacha na kutoa harufu kali, na Seren hageuki hata kuyatazama.

Faida kubwa niliyoiona ni kwenye meno yake. Magego yake yamesagika hata hayakutani vizuri, na kabla hatujabadilisha mlo sakafu ya banda lake ilikuwa imejaa vifundo vya nyasi alivyovitafuna, akavisokota kuwa kama kidole, kisha akavitema. Poni anayetema nyasi namna hiyo ana njaa hata kama wavu wake wa nyasi umejaa. Machicha yaliyolowekwa hayamdai kutafuna sana, yanampa maji mengi pamoja na chakula, na nyama ya kiunoni imeanza kurudi bila shingo yake kuvimba mafuta. Huo mshipi wa mafuta shingoni naushika kwa mkono mara kwa mara. Ukianza kuwa mgumu na kusimama, nampigia daktari kabla ya kubadilisha chochote.

Hata hivyo, si chakula kamili, na hili ndilo ningependa lieleweke kuliko sifa zote. Kalsiamu yake ni nyingi mno ikilinganishwa na fosforasi, shaba na zinki ni kidogo, na vitamini E karibu hakuna. Seleniamu nayo ni haba katika udongo wa sehemu nyingi za Uingereza. Poni aliyelishwa machicha na nyasi zilizolowekwa tu atapungukiwa, kwa sababu kuloweka nyasi ili kupunguza sukari huondoa pia sehemu ya madini yake. Ni lazima kuongeza virutubisho visivyo na nafaka, na machicha yenyewe ndiyo chombo bora cha kuvichanganyia. Pia maneno ya asilimia 95 yanaweza kumhadaa mtu akadhani anaweza kumimina bila kipimo. Chakula chote cha siku, kwa uzito mkavu, kwa kawaida ni asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wa mwili. Kwa Seren hiyo ni kati ya kilo 3.5 na 4.6. Machicha yake, nusu kilo hadi kilo moja kavu iliyogawanywa kwenye milo kadhaa, yamo ndani ya hesabu hiyo na si nyongeza juu yake. Pimeni kwa mizani, tena kabla ya kuloweka. Kopo la dukani halisemi kweli, na uzito wa uji uliolowa hauna maana yoyote.

Wala chakula hakichukui nafasi ya dawa. Seren anatumia pergolidi, dawa ya vidonge ya kutibu Cushing, ambayo inaweza kupunguza hamu ya kula, hasa mwanzoni, na uji huu ulitusaidia katika kipindi hicho kwa kuwa aliukubali alipokuwa akikataa vingine. Vidonge vyake havisagwi, na mama mjamzito au anayenyonyesha avae glavu anapovishika. Ninalisema hili kwa sababu mabanda mengi huwakabidhi wasichana kazi hiyo bila onyo lolote.

Anayenunua asome gunia kwa makini, kwani kuna machicha yaliyotiwa molasi yanayouzwa rafu ileile, na wauzaji wengine huyachukulia yote kuwa kitu kimoja. Neno la kutafuta ni lile linalosema hayakutiwa molasi. Gunia la Speedi-Beet ni la kilo 20, na kwa kipimo cha Seren hudumu siku 20 hadi 40. Kwa bei ya kilo si rahisi kama machicha ya punje, lakini kwa anayefika bandani kabla ya kwenda kazini, dakika 10 dhidi ya usiku mzima ni tofauti ninayoilipia bila kusita. Kwa poni mzee aliyekonda, mwenye meno mabovu na insulini ya kuchungwa, nayapendekeza kwa moyo wote, daktari wake akishaona vipimo vya damu. Kwa poni mnene anayetafuna vizuri sitayapendekeza kama mlo: huyo apewe nyasi zilizopimwa sukari maabara au zilizolowekwa, katika wavu wenye matundu madogo, na kiganja kimoja cha machicha kwa ajili ya kuchanganyia madini kinamtosha.